Mboya na zile kilomita 11,800

Ukiwa Umoja ama Donholm usiku, inua macho. Ile ndege inayopaa kutoka Embakasi huenda inaenda New York. Ni mbali kiasi gani? Chukua tufe, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York, upime. Ni karibu kilomita 11,800. Ndege za siku hizi hukimbia kama 900 kwa saa, kwa hivyo ukigawanya unapata saa 13. Lakini Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilisema 15. Kuna muda wa kupaa na kutua, halafu upepo wa kutoka magharibi unaipiga ndege usoni. Kurudi, upepo ukiisukuma, ni 14.

Tom Mboya alijua umbali huu vizuri, ila shida yake haikuwa masaa. Ilikuwa fare.

Alizaliwa 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake, Leonardus Ndiege. (Ndiege, umesoma vizuri.) Alisoma hadi Mangu, karo ikakwama, akatoka. Akasomea ukaguzi wa afya, City Council ikamwajiri, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi. 1957 akaingia LegCo. Digrii? Hakuwa nayo. Alipita Ruskin College, Oxford, mwaka mmoja tu. Sisi tulioacha chuo njiani tunamsoma kwa makini.

Sasa skia. Vijana walikuwa na barua za vyuo vya Marekani mkononi, wengine hata na ufadhili, lakini nauli ilikuwa imewashinda wazazi. Mboya akaona tiketi moja moja itawamaliza, afadhali kukodi ndege nzima na kuijaza, vile nyinyi hukodi matatu ya kwenda mazishi ushago. 1959 akazunguka Marekani akihutubia watu. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakasaidia kuchangisha.

Ndege ilikuwa Britannia, ya mapangaboi, iliyokimbia kama 570 kwa saa. Gawanya tena: karibu saa 21 hewani, na bado ilibidi itue njiani kujaza mafuta. Vijana 81 wakafika New York tarehe 9 Septemba 1959. Saa ya huko ilikuwa nyuma ya yetu kwa saa saba, kwa hivyo mama akipika chajio Kaloleni, mtoto wake huko alikuwa anakaribia lunch.

Baba yake Obama hakuwa kwenye hiyo ndege, hata wakikuapia. Alienda Hawaii mwaka huo huo kwa njia yake. Wangari Maathai ndiye alienda na kundi la 1960, baada ya Mboya kumwona Kennedy na wakfu wa familia hiyo kutoa dola 100,000. Kufikia 1963 walioenda walikaribia 800.

1961 Nairobi Mashariki, yaani mitaa yetu hii, ilimpigia Mboya kura kwa wingi ajabu. Alama yake kwenye karatasi ilikuwa ndege.

Aliuawa kwa risasi 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa Government Road, leo Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Wengi wa wale 81 walikuwa washarudi, wako maofisini na madarasani.