Patterson: Aliyetegea simba sikio gizani Tsavo

JOHN Henry Patterson alizaliwa Ireland mwaka wa 1867, akawa askari wa Uingereza. Mnamo Machi 1898 aliwasili Tsavo, kaskazini mwa Voi, kusimamia ujenzi wa daraja la reli. Muda si muda, simba wawili madume wakaanza kuwanyakua vibarua usiku kutoka mahemani.

Kambi zilitapakaa kandokando ya reli. Patterson alipovizia katika kambi moja, mayowe yalisikika kwingine. Vibarua nao walijifunza kusikiliza: ngurumo za mbali hazikuwa hatari kama kimya kilichozifuata. Ngurumo zilipokoma, walijua simba wananyemelea, wakapaaza sauti kuonyana.

Mnamo Desemba 9, 1898, vibarua walipiga ngoma na madebe kumfurusha simba kichakani. Alijitokeza mbele ya Patterson, lakini risasi haikufyatuka, na kwa kuduwaa akasahau kuwa mtutu wa pili ulikuwa na risasi. Kilichomwokoa ni zile kelele, kwani zilimvuruga simba, akakimbilia msituni.

Usiku huo Patterson alikaa peke yake juu ya kichanja, mzoga wa punda ukiwa chambo. Kijiti kilivunjika gizani; simba akamzunguka kwa takriban saa mbili. Ghafla bundi akamgonga kisogoni, naye nusura aanguke akidhani ni simba. Hatimaye alifyatua risasi, akafuatilia kwa masikio tu miguno iliyofifia hadi ikakoma.

Sayansi ilikuja kueleza hali hiyo baadaye. Mwaka wa 1953, mtafiti Mwingereza Colin Cherry alionyesha kuwa mtu anayesikizishwa maneno tofauti katika kila sikio, akifuata ya upande mmoja, hupata machache mno ya upande wa pili. Ubongo huchuja sauti, ila lenye uzito kwa msikilizaji, kama vile jina lake, huweza kupenya.

Simba wa pili aliuawa Desemba 29, na daraja likakamilika mapema mwaka wa 1899. Patterson aliandika kitabu mwaka wa 1907, akaziuza ngozi za simba hao kwa makumbusho ya Chicago mwaka wa 1924, na kufariki Marekani mwaka wa 1947.

Kitabu chake kilitaja vibarua Wahindi 28 waliouawa. Kuhusu Waafrika waliouawa, hakuna aliyeweka hesabu rasmi.