Dick Weber: Muungwana Aliyeusafishia Mchezo Jina

Mzazi wa pwani anapomkataza mwanawe mchezo fulani, aghalabu hana ugomvi na mchezo wenyewe. Analolichukia ni genge linalouzunguka. Keram ni ubao na kete tu, na karata ni makaratasi tu. Lakini panapoingia kamari, ulevi na matusi, mchezo hupata jina baya, na jina baya likishaganda halitoki kwa siku moja. Huko Marekani palikuwa na mchezo uliopatwa na msiba huo kwa miaka mingi, kisha ukapata bahati ya kuchezwa na mtu muungwana mbele ya macho ya taifa zima. Mtu huyo ni marehemu Dick Weber, na mchezo wenyewe ni bolingi.

Kwetu Kenya bolingi haina mizizi mirefu. Vijana wa viunga vya magharibi ya jiji la Nairobi, wale wa Westlands, Kangemi na Mountain View, wakitaka kuionja huwabidi waende mpaka Gigiri, kwenye majengo ya Village Market, ambako pamekuwa na ukumbi wake. Wengi wao huiona kuwa ni burudani ya mwisho wa juma tu, ya wenye nafasi na ya watoto wanaosherehekea siku ya kuzaliwa. Ni wachache wanaojua kwamba kulikuwa na wanaume waliolisha na kusomesha watoto wao kwa kazi hiyo, na kwamba zamani mamilioni ya Wamarekani waliketi mbele ya televisheni kila Jumamosi mchana kuwatazama.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, mambo yake ni haya. Mchezaji husimama mwanzo wa njia ya mbao laini iliyopakwa mafuta, yenye urefu wa futi 60 hivi na upana wa futi tatu na nusu. Mwisho wa njia husimamishwa pini 10 za mbao, zenye umbo kama la chupa, zimepangwa pembetatu. Mchezaji huviringisha tufe zito, ambalo laweza kufika ratili 16, aziangushe. Katika kila zamu ana nafasi ya kurusha mara mbili, na akiziangusha zote kwa tufe la kwanza hupata nyongeza. Atakayeziangusha zote kwa mara 12 mfululizo hupata pointi 300, na hapo hakuna la zaidi. Ukisikia unadhani ni jambo jepesi, lakini ukijaribu utaona jinsi tufe linavyopenda kupinda na kuingia mferejini.

Basi Dick Weber alizaliwa tarehe 23 Desemba mwaka 1929 katika mji wa Indianapolis, wakati dunia ilipokuwa ikiingia katika miaka ya dhiki kubwa ya uchumi. Alipokuwa kijana, kumbi za bolingi hazikuwa mahali pa kumpeleka mama wala dada. Nyingi zilikuwa vyumba vya chini ya majengo, zimejaa moshi wa sigara, watu wakinywa na kuwekeana fedha. Kazi ya kusimamisha pini zilizoanguka ilifanywa na vijana wadogo kwa ujira mdogo, nao walikaa kwa hatari ya kupigwa na tufe au pini iliyoruka. Tena palikuwa na aibu nyingine kubwa zaidi. Chama kilichosimamia mchezo nchini humo, American Bowling Congress, kilikuwa na kanuni ya kuwakubali wanachama wa kizungu tu, na kanuni hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1950, baada ya watu wengi kupigana nayo. Kwa hiyo mtu aliyesema bolingi haina heshima hakuwa amekosea.

Weber hakuwa mtoto wa tajiri. Alipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto alifanya kazi ya posta pale Indianapolis, na usiku akaenda kurusha tufe. Umbo lake lilikuwa jembamba, hata mtu asiyemjua asingedhani kwamba mkono ule ungeweza kulitawala tufe zito kwa saa nyingi. Lakini mkono ulikuwa mwepesi na jicho lilikuwa kali, na sifa zake zikaanza kuvuka mipaka ya mji.

Mwaka 1955 alijiwa na jambo la kumkosesha usingizi. Timu moja mashuhuri ya mji wa St. Louis ilimtaka ahamie huko. Timu hiyo ilidhaminiwa na kiwanda cha pombe na kubeba jina la bia yake, Budweiser, kama ilivyokuwa kawaida ya timu kubwa za siku zile. Kazi ya posta ina mshahara wa mwezi na uzee wenye uhakika. Mchezo una leo tu. Mke wake, Juanita, na watoto walikuwa wakimtegemea yeye. Hata hivyo Weber aliiaga posta, akafunga mizigo, akaenda St. Louis.

Huko alikutana na mabingwa, mkubwa wao akiwa Don Carter, ambaye jina lake lilikuwa limeshavuma. Usiku wa tarehe 12 Machi mwaka 1958, Weber na Carter pamoja na Ray Bluth, Pat Patterson na Tom Hennessey walicheza michezo mitatu kila mtu, na jumla yao watano ikafika pointi 3,858. Ukigawanya utaona kwamba kila mmoja alipata wastani wa zaidi ya pointi 257 kwa kila mchezo, na mwisho wa mchezo ni 300. Rekodi hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka huo huo wa 1958 wakili mmoja wa mji wa Akron, Eddie Elias, aliwakusanya wachezaji bora akawaeleza fikira yake. Alitaka wawe na chama chao wenyewe, wachezee fedha halali ya zawadi mbele ya watazamaji, na waonekane katika televisheni. Wachezaji 33 walitoa dola 50 kila mmoja, na chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA, kikazaliwa. Weber alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 1959 chama kilifanya mashindano matatu tu. La kwanza lilichukuliwa na Lou Campi, na mawili yaliyobaki yote yakachukuliwa na Weber. Yule karani wa posta alikuwa ameshajibu suali lililomkosesha usingizi.

Hapa ndipo televisheni ilipoingia kwa nguvu. Mwaka 1962 shirika la ABC lilianza kuonyesha mashindano ya PBA kila Jumamosi mchana katika msimu wake. Msomaji akumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1962 ndipo televisheni ilipoanza hapa Kenya, pale Nairobi, na Mombasa ikangoja mpaka mwaka 1970 kupata kituo chake. Kwa hiyo wakati sisi tulipokuwa tukistaajabia sanduku lenyewe, Wamarekani walikuwa wameshaanza kuzoea kuona wachezaji wakiingia sebuleni mwao.

Na bolingi iliifaa sana televisheni ya siku zile. Kandanda huhitaji kamera nyingi na uwanja mkubwa, na mvua ikinyesha picha huharibika. Bolingi ilihitaji njia mbili, taa nzuri na kamera chache. Mtazamaji aliuona uso wa mchezaji karibu, akamwona anavyopumua kabla ya kurusha, akalifuata tufe mpaka mwisho. Mwisho wa mashindano ulipangwa kama ngazi: wa chini hucheza na aliye juu yake, mshindi hupanda kwa anayefuata, mpaka afike kwa yule anayeongoza. Hivyo hata aliyeingia wa mwisho aliweza kutoka na zawadi ya kwanza, na mtazamaji hakuthubutu kuinuka. Mwaka 1967 Jack Biondolillo alipata pointi 300 kamili katika matangazo hayo, mtu wa kwanza kufanya hivyo mbele ya kamera za ABC.

Mtangazaji alikuwa Chris Schenkel, mwenye sauti ya upole isiyopiga kelele. Wachezaji walivaa mashati safi na suruali zilizopigwa pasi, wakapeana mikono kabla na baada ya mchezo. Mashine za kusimamisha pini, zilizoanza kuuzwa mwaka 1952, zilikuwa zimeshawaondoa wale vijana wa hatarini, na kumbi mpya zikajengwa zenye mwanga, viti na nafasi ya watoto. Kina mama walianza kwenda. Mchezo wa vyumba vya chini ukawa mchezo wa familia.

Lakini kumbi nzuri na kamera peke yake havileti heshima. Yalihitajika macho ya watu yaone mtu wa kumwamini, na huyo alikuwa Weber. Akishinda, alitabasamu bila ya kumdhihaki aliyeshindwa. Akishindwa, na hata bingwa hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda, alikuwa wa kwanza kumpa mkono mwenzake. Baada ya mchezo alibaki ukumbini akizungumza na watu, akiwafundisha watoto namna ya kushika tufe. Wachezaji wenzake walimpenda, jambo lisilo jepesi pale watu wanapogombea mfuko mmoja wa fedha.

Wala upole wake haukutokana na udhaifu wa mchezo. Mashindano makubwa ya Marekani yaliyoitwa All-Star, ambayo tangu mwaka 1971 yanajulikana kwa jina la U.S. Open, aliyachukua mara nne: mwaka 1962, 1963, 1965 na 1966. Alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka mara tatu, katika 1961, 1963 na 1965. Mwaka huo wa 1965, katika mji wa Houston, alipata pointi 300 mara tatu katika shindano moja, jambo ambalo hakuna mchezaji wa PBA aliyelifanya kabla yake. Kwa jumla alipata ushindi wa PBA mara 30.

Alikuwa pia balozi asiyechoka. Mwaka 1964 alirusha tufe juu ya njia iliyotengenezwa ndani ya ndege ya mizigo ikiwa angani, ili watu wauzungumze mchezo. Miaka mingi baadaye alialikwa katika kipindi cha televisheni cha David Letterman, akarusha tufe lake kuvunjavunja vyombo vya aina aina badala ya pini, watu wakacheka. Alikubali kuchekesha kwa ajili ya mchezo, lakini hakukubali kuudhalilisha.

Kila chenye mwanzo kina mwisho. Vituo vya televisheni viliongezeka, watazamaji wakagawanyika, na wenye biashara wakataka kutangaza mbele ya vijana, ilhali waliokuwa wakiitazama bolingi walikuwa wameanza kuota mvi. Mwezi wa Juni mwaka 1997, baada ya miaka 35, ABC ilionyesha mashindano yake ya mwisho. Schenkel, aliyekuwapo tangu mwanzo, aliwaaga watazamaji. Mchezo haukufa, na PBA ilihamia vituo vingine, lakini zile Jumamosi ambazo baba, mama na watoto walitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja zilikwisha. Ndizo wanazozililia Wamarekani wazee mpaka leo wakikutana.

Dick Weber alifariki dunia nyumbani kwake Florissant, karibu na St. Louis, mwezi wa Februari mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 75. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Chris Schenkel naye akafuata. Ilikuwa kama kwamba aliyetenda na aliyesimulia wamepeana ahadi.

Weber aliacha watoto, na mmoja wao, Pete, aliufuata mchezo wa baba yake. Tabia zao hazikufanana. Baba alikuwa maji ya mtungini, mwana alikuwa moto wa makumbi, mwenye kelele na miwani myeusi mbele ya kamera, na watu wengi walisema hakurithi chochote. Lakini mwaka 2007 Pete alichukua U.S. Open kwa mara ya nne, akalingana na baba yake, na mwaka 2012, miaka saba baada ya mazishi, akaichukua kwa mara ya tano. Hakuna mtu aliyewahi kufika hapo kabla yake. Basi hata rekodi ya baba, aliyeivunja ni wa damu yake.

Makombe huhifadhiwa makabatini na rekodi huvunjwa, lakini mchezo aliouingia Weber ulikuwa na jina la moshi na kamari, na alipoutoka watu walikuwa wakiwapeleka watoto wao bila ya kuona haya. Mzazi wa pwani anayelichukia genge atalielewa jambo hilo upesi. Mchezo ni chombo tu. Anayekipa hadhi au aibu ni yule anayekishika. Huyo karani wa posta wa Indianapolis alikishika kwa mikono safi, na ndiyo maana, zaidi ya miaka 20 tangu azikwe, jina lake bado latajwa kwa wema.