Martin Kayamba: karani aliyedhaniwa jasusi akafungwa Tabora

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur, wengi wao wakiwa askari kutoka Kongo, yaliingia Tabora. Wajerumani walikuwa wamekwisha ondoka. Waliacha nyuma Wazungu raia wa nchi adui, wamisionari, na Waafrika ambao kosa lao kubwa lilikuwa kujua kusoma na kuandika Kiingereza. Miongoni mwa Waafrika hao alikuwamo Martin Kayamba.

Kayamba, Mbondei kwa asili, alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Baba yake alipata kusoma Uingereza, jambo la ajabu katika zama zile, naye mwenyewe akasoma Kiungani katika chuo cha misheni ya UMCA. Baadaye alifanya kazi katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Vita vilipozuka Agosti 1914 alikuwa upande wa Wajerumani, na mtu mwenye historia kama hiyo hakuhitaji ushahidi mwingine.

Tujiulize, je, hofu ya Wajerumani ilikuwa na msingi? Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga bila kujua vizuri nguvu ya adui, wakapigwa vibaya na jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa dogo mno kuliko lao. Kama walimu na makarani wa misheni wangekuwa kweli wanapeleka habari, aibu ile isingetokea. Ujasusi wenyewe ulikuwa wa namna nyingine. Richard Meinertzhagen, aliyesimamia kazi hiyo kwa Waingereza, alidai kuwa watu wake walikuwa wakiokota karatasi zilizotumika katika vyoo vya maofisa wa Kijerumani, maana humo zilitupwa barua na amri za kijeshi. Lakini Meinertzhagen alikuwa mtu wa kutia chumvi, na wanahistoria wa leo hawayapokei maneno yake yote.

Hata hivyo walimu wa misheni walikamatwa kwa tuhuma za kupeleka habari kwa adui. Wazungu walizuiliwa Kiboriani, Mpwapwa, Buigiri na Tabora, akiwamo Spanton, mkuu wa chuo cha Kiungani, ambaye mwaka 1917 alitoa kitabu juu ya magereza hayo. Wao walilalamikia chakula na kazi za kudhalilisha. Waafrika walipata hayo na zaidi: minyororo shingoni, viboko, na kazi ngumu chini ya usimamizi wa askari, ambao nao walikuwa Waafrika. Nje ya kambi maisha nayo yalikuwa yamebana. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, na fedha zikaadimika hata serikali ikachapisha noti za karatasi duni na, mwaka 1916, ikapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 hapo hapo Tabora. Mahali ambapo serikali yenyewe inahangaika hivyo, mfungwa mweusi atakumbukwa na nani?

Mwaka 1917 Kayamba aliingia kazini kwa Waingereza katika ofisi ya wilaya Tanga. Elimu iliyomtia kizuizini ndiyo iliyompandisha cheo. Mwaka 1922 aliasisi hapo Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika, kilichowakusanya Waislamu na Wakristo pamoja, na mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Francis Lwamgira wa Bukoba na Mtemi Makwaia wa Shinyanga kutoa ushahidi bungeni kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Waafrika hao waliupinga. Safari ile aliiandikia kitabu kwa Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka mwaka 1932.

Wapo waliomwita kibaraka wa Waingereza. Hatukatai kwamba aliwasifu kupita kiasi, lakini aliyefunguliwa mnyororo kwa ushindi wa upande mmoja hawezi kuutazama upande huo kama tuutazamavyo sisi. Habari za kifungo chake alizisimulia mwenyewe katika kitabu cha Margery Perham cha mwaka 1936 juu ya maisha ya Waafrika kumi, na ni miongoni mwa masimulizi machache ya Waafrika waliofungwa wakati huo.

Alistaafu mwaka 1938, wala hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kitabu chake juu ya matatizo ya Waafrika kilichapishwa mwaka 1948, mwenyewe akiwa kaburini.