Padri Damien wa Molokai: mguu uliounguzwa bila kuuma

Desemba 1884, katika kisiwa cha Molokai huko Hawaii, Padri Damien aliingiza mguu kwenye maji ya moto sana. Ngozi ilitoka malengelenge, lakini hakusikia maumivu. Hapo akajua kwamba ukoma umempata.

Alizaliwa Januari 3, 1840, Tremelo, Ubelgiji, kwa jina Jozef De Veuster, mtoto wa wakulima. Alifika Hawaii mwaka 1864, akapata upadri mwaka huohuo. Enzi hizo wagonjwa wa ukoma walitengwa na jamaa zao na kupelekwa Molokai. Mei 1873 Damien aliwafuata. Aliosha vidonda vyao, akajenga nyumba, akatengeneza majeneza na kuchimba makaburi.

Mwaka huohuo wa 1873, daktari Armauer Hansen wa Norwe aligundua vijidudu vya ukoma. Leo tunajua kwamba vijidudu hivyo hushambulia mishipa ya fahamu, hasa ya mikono, miguu na uso. Mishipa ikiharibika, mtu huungua jikoni au huchomwa na mwiba shambani bila kujua. Kidonda kisichouma hupuuzwa, kikaoza, na vidole vikaharibika.

Kwa Damien dawa haikuwepo. Alifariki Aprili 15, 1889, akiwa na miaka 49. Mwaka 2009 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu.

Msikilizaji wetu, usisubiri maji ya moto yakupe habari. Angalia dalili hizi:

- Baka jeupe au jekundu lisilosikia ukiligusa.
- Ganzi, au hali ya kuchomwachomwa mikononi na miguuni.
- Vitu kukuponyoka mkononi, vidole kupinda, au mguu kuburuzika.
- Jicho kushindwa kufumba vizuri.
- Kidonda cha unyayoni kisichouma.

Si kila ganzi ni ukoma. Kisukari nacho huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanzia miguuni. Kwa hiyo nenda zahanati upimwe mapema, maana mishipa iliyokwisha kuharibika kwa muda mrefu ni vigumu kurudi kama zamani. Ukoma unatibika kwa vidonge vya miezi 6 hadi 12, na dawa hutolewa bure. Akishaanza dawa, mgonjwa haambukizi tena, hivyo hakuna sababu ya kumtenga.

Jioni ukitoka shamba, osha miguu, kisha itazame nyayo zote mbili.