Richard Feynman
Richard Phillips Feynman (11 Mei 1918 – 15 Februari 1988) alikuwa mwanafizikia kutoka nchi ya Marekani. Mwaka 1965 alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Julian Schwinger na Sin-Itiro Tomonaga kwa utafiti wao kuhusu jinsi nuru na elektroni zinavyoathiriana. Anakumbukwa pia kwa jambo lililokuwa pembeni ya utafiti huo: mashine ndogo kupita kiasi.

Alizaliwa New York, na alipokuwa mvulana alitengeneza redio mbovu za watu. Alisoma MIT na Princeton, akashiriki kuunda bomu la nyuklia huko Los Alamos, kisha akafundisha Cornell na hatimaye Caltech, California.

Tarehe 29 Desemba 1959, katika hotuba iliyotolewa Caltech, alidai kwamba hakuna kanuni ya fizikia inayozuia kuunda mashine zisizoonekana kwa macho. Aliahidi dola 1,000 kwa atakayetengeneza mota ya umeme inayoenea katika mchemraba wenye upande wa milimita 0.4 hivi. Alitumaini ugumu huo ungewalazimisha watu kubuni mbinu mpya. Haikuwa hivyo. Mwaka 1960 mhandisi William McLellan alimletea mota iliyozunguka, aliyoiunda kwa mkono chini ya hadubini kwa vifaa vya kawaida. Feynman alilipa.

Mbinu aliyoitafuta ilikuwa ikikua katika viwanda vya chipu. Huko mchoro wa saketi huchapwa kwa mwanga juu ya bamba la silikoni, halafu kemikali hula sehemu zisizotakiwa. Kemikali ikila silikoni iliyo chini ya utando mwembamba, utando hubaki umening'inia, umeshikwa upande mmoja tu. Volti ikiwekwa, utando huvutwa chini hadi metali iguse metali. Ikiondolewa, hurudi juu. Hiyo ni swichi hasa, inayofunga na kufungua, tofauti na transista ambayo haina sehemu inayosogea. Kurt Petersen wa IBM alieleza swichi za namna hiyo mwaka 1979.

Feynman alirudia mada hiyo katika hotuba ya mwaka 1983. Safari hii alizungumzia mashine za silikoni zinazoendeshwa kwa umeme tuli, ingawa alikiri kwamba hakuona zingekuwa na faida gani kubwa.

Alifariki Los Angeles kwa ugonjwa wa saratani. Baadaye mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha mota ya silikoni iliyozunguka kwa umeme tuli, kipenyo chake kikikaribia unene wa unywele.