Volti Ni Jina la Mwalimu

Neno volti hutamkwa kila siku katika vibanda vya mafundi wa Malindi, Kilifi na Ganze. Mteja akileta betri, fundi huipima na kutaja idadi ya volti, naye mteja huitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Sisi watu wa lugha tumelikaribisha neno hilo katika kamusi, tukaliongezea irabu mwishoni likubaliane na ulimi wetu, tukaridhika. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hilo ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo, kabla ya kugeuka kipimo, alikuwa mwalimu wa shule katika mji mdogo. Kilichonisukuma kuandika maisha yake leo ni kosa nililolitenda mwenyewe kwa ajili ya neno hilohilo.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, anaishi katika kijiji kimoja cha Ganze, mahali ambapo mvua ni haba lakini jua halijapata kuadimika. Miaka kadhaa iliyopita alinunua gari dogo la umeme, la namna ile wanayozungukia wachezaji wa gofu, ambalo lilikuwa limekwisha kutumika huko pwani. Akalijengea kibanda cha mabati, na juu ya paa akatandika paneli 4 za sola, kila moja ya wati 300. Gari likirudi kibandani huunganishwa na paneli hizo likachajiwa na jua. Hubeba mitungi ya maji na mizigo ya sokoni. Usiku, stima ikikatika, waya huvutwa kutoka garini hadi nyumbani, na wajukuu wakaendelea kusoma.

Chini ya kiti cha gari hilo zimepangwa betri 6 za volti 8 kila moja. Ukizidisha utapata 48, na 48 ndiyo nambari iliyoandikwa ubavuni mwa chaja. Siku moja mjomba alinipigia simu akaniuliza: kipimo kikionyesha 48, je, betri zimejaa? Mimi, daktari wa isimu, nilimjibu bila kusita kwamba zimejaa, kwani jina lake si betri za 48? Jibu hilo lilikuwa la mtu wa maneno. Betri za risasi na asidi za kiasi hicho, zikijaa na kutulia, husoma karibu volti 51. Zikiwa zimetulia na kusoma 48, zimekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya akiba yake.

Kwa miezi mingi, basi, mjomba alipima asubuhi, akaona 48, akaliondoa gari kibandani likafanye kazi badala ya kuliacha linywe jua. Betri zililala njaa huku tukiamini zimeshiba. Betri ya risasi ikikaa na njaa muda mrefu, chumvi hugandamana juu ya mabamba yake ya ndani, na hatimaye haipokei tena chaji. Usiku mmoja gari lilizimika mlimani, likiwa limembeba mke wa jirani aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, likielekea zahanati. Safari ilimaliziwa kwa pikipiki. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini betri zote 6 zilikuwa zimekufa, na aliyeziua ni mimi.

Ndipo nilipoanza kumsoma Alessandro Volta.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 mjini Como, kando ya ziwa, kaskazini mwa Italia, katika ukoo wenye heshima lakini usio na mali nyingi. Husimuliwa kwamba alichelewa mno kusema. Alikaribia miaka 4 kabla ya kutamka neno, hata jamaa zake wakahofu kwamba ana upungufu wa akili. Walimu wenzangu mnaopokea watoto wa darasa la kwanza, lizingatieni hilo. Alipofika miaka 7 alikuwa hashindwi na mtoto yeyote wa rika lake. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Jamaa walitaka awe mwanasheria. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye ngurumo, cheche na mambo ya maumbile. Hakupata shahada ya chuo kikuu. Alijisomea, alitumia chumba cha majaribio cha rafiki yake Gattoni aliyekuwa na uwezo, na akiwa kijana wa miaka 18 alikwisha kuanza kuandikiana barua na wanazuoni wakubwa wa umeme barani Ulaya.

Mwaka 1774 alipewa usimamizi wa shule za Como, na mwaka uliofuata akawa mwalimu wa fizikia hapohapo. Mwaka 1775 huohuo aliwaonyesha wenzake chombo rahisi kilichoweza kutoa chaji za umeme mara nyingi bila kusuguliwa upya kila mara. Mwaka 1776 alikwenda kwenye vinamasi vya Ziwa Maggiore, akachokoa matope kwa kijiti, akakusanya mapovu yaliyopanda, akakuta kwamba hewa ile hushika moto. Leo twaiita methani, nayo ndiyo inayopikia katika nyumba zenye mitambo ya samadi. Alikuwa mtu wa kugusa vitu kabla ya kuvipa majina. Mwaka 1778 aliteuliwa profesa katika Chuo Kikuu cha Pavia, ambako alifundisha kwa takriban miaka 40.

Jambo lililomfanya ajulikane duniani lilianza kwa ubishi juu ya vyura. Mwaka 1791 Luigi Galvani, tabibu na profesa wa Bologna, alitangaza kwamba miguu ya chura aliyekwisha kufa hutikisika ikiguswa kwa metali za aina mbili. Galvani aliamini kwamba umeme umo mwilini mwa mnyama mwenyewe. Volta kwanza alikubali, kisha akarudia majaribio na kuanza kutia shaka. Aliweka metali mbili tofauti juu ya ulimi wake, akaziunganisha, akahisi ladha ya uchachu. Akakata shauri kwamba umeme watoka kwenye kukutana kwa metali mbili, na chura ni kama kipimo tu. Wanazuoni wa Ulaya wakagawanyika makundi mawili. Galvani hakuuona mwisho wa ubishi huo. Alikataa kuapa kiapo cha utii kwa serikali mpya iliyosimikwa na Wafaransa, akanyang'anywa kazi yake, akafariki mwaka 1798.

Mwaka 1799 vita viliigusa Pavia pia, chuo kikafungwa, na Volta akajikuta mwalimu asiye na wanafunzi. Alikuwa na miaka 54. Huko kwao Como akachukua visahani vya fedha na vya zinki, akavipanga viwili viwili, na baina ya kila jozi akatia kipande cha karatasi ngumu kilicholowa maji ya chumvi. Jozi moja ilitoa nguvu ndogo mno. Jozi ya pili juu yake iliongeza, ya tatu ikaongeza tena, hata mnara wa visahani ukawa na nguvu ya kumshtua aliyeushika kwa mikono miwili. Tena nguvu hiyo haikutoka kwa cheche moja na kutoweka, ilitiririka mfululizo. Yeye mwenyewe aliufananisha mnara huo na kiungo cha yule samaki wa baharini anayemtia ganzi kila amgusaye. Tarehe 20 Machi 1800 aliandika habari hizo kwa Kifaransa katika barua aliyompelekea Joseph Banks, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya London. Kabla ya miezi kupita, Waingereza Nicholson na Carlisle walikuwa wameutumia mnara kama huo kuyatenganisha maji kuwa gesi mbili.

Mwaka 1801 Volta aliitwa Paris, akauonyesha uvumbuzi wake mbele ya Napoleon, akatunukiwa nishani ya dhahabu. Mwaka 1810 akapewa cheo cha ukabaila. Utukufu huo haukumlevya. Mwaka 1819 alistaafu, akarejea nyumbani kwake Camnago karibu na Como, na huko kwao akafariki tarehe 5 Machi 1827. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris uliidhinisha jina lake, likiwa limekatwa mwishoni, liwe kipimo cha msukumo wa umeme.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba Volta hakukosea. Alishika hadi mwisho kwamba chanzo cha umeme ni metali kugusana tu. Waliomfuata wakathibitisha kwamba siri ni mabadiliko ya kikemia baina ya metali na ule umajimaji alioudhani kuwa mpitishaji tu. Na Galvani naye hakuwa amepotoka kabisa, maana leo twajua kwamba mishipa ya fahamu na misuli hufanya kazi kwa umeme kweli. Jina la Galvani pia halikupotea. Bati lililopakwa zinki ili lisishikwe na kutu, mafundi huliita galvanaizi, na asili ya neno hilo ni yeye. Kwa hiyo juu ya kile kibanda cha Ganze mahasimu wawili wamepatana: Galvani ameezekwa kwenye paa, na Volta anashuka kwa waya kutoka kwenye paneli.

Mnara wa Volta ulikuwa na kasoro moja kubwa: ukiisha, umeisha. Gaston Planté wa Ufaransa ndiye aliyeunda, mwaka 1859, betri ya risasi na asidi inayoweza kujazwa tena na tena. Edmond Becquerel alikuwa amegundua mwaka 1839, akiwa na miaka 19, kwamba mwanga waweza kuzalisha umeme. Na mwaka 1954 wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani wakatoa paneli ya silikoni iliyofaa kwa kazi. Watu hao wote wanakutana katika kigari cha mjomba. Kila betri ya volti 8 ina seli 4, kila seli ikitoa volti 2 na ushei. Betri 6 ni seli 24 zilizoungwa moja baada ya nyingine, kama visahani vya Como. Hata neno betri lina hadithi ya namna hiyo: Benjamin Franklin alilichukua kutoka kwa wanajeshi, ambao kwao lilikuwa safu ya mizinga iliyopangwa ifyatue pamoja.

Baada ya kuyafahamu hayo, hesabu haikunitisha tena. Betri za gari hilo zina uwezo wa ampea-saa 150. Zidisha kwa volti 48, utapata wati-saa 7,200, yaani uniti 7 na kidogo za stima. Ukitaka betri za risasi ziishi, usitumie zaidi ya nusu, basi una uniti 3 na nusu hivi. Paneli 4 za wati 300 zikipata jua kali kwa muda wa saa tano zaweza kuirudisha nusu hiyo kwa siku moja, hata baada ya kutoa kinachopotea njiani. Taa 5 za wati 10 zikiwaka kwa muda wa saa sita usiku hula wati-saa 300 tu. Kinacholila gari ni mlima na mzigo, wala si kitabu cha mtoto.

Betri mpya nilizinunua mimi, kwa kukatwa mshahara kidogo kidogo, na sioni fahari kulitaja hilo. Mjomba ameandika kwa chaki ukutani mwa kibanda: 51 limeshiba, 48 lisitoke. Kila mwezi hufungua vifuniko na kuongeza maji yaliyosafishwa panapopungua. Likizo iliyopita nilimkuta mjukuu wake na wenzake wamechoma ndimu kwa waya wa shaba upande mmoja na msumari wa kuezekea mabati upande wa pili. Kipimo kilisoma chini kidogo ya volti moja. Wakaunga ndimu ya pili, kikapanda. Mmoja wao akaniuliza kwa nini kitu hicho kinaitwa volti, nami nikamsimulia habari za mtoto wa Como aliyechelewa kusema.

Walimu wenzangu, katika shule zetu neno hili huandikwa ubaoni, hufasiriwa kwa sentensi moja, hunakiliwa daftarini, na mtihani ukipita husahauliwa. Ampea na wati, ambayo nayo ni majina ya watu, hupata heshima ileile. Mwanafunzi anatoka akiwa ameliweka neno kinywani, kama nilivyoliweka mimi, na siku anayopigiwa simu na mjomba wake atajibu kama nilivyojibu. Ndimu mbili, waya na misumari havizidi bei ya daftari. Tuanze navyo, na jina tuliandike baadaye.