Mfahamu Kimura, Mjapani ambaye jina lake limebaki kwenye mkono uliovunjika

Aliyecheza mieleka mchangani utotoni, awe wa Masasi, Newala au kwingine, anajua mchezo unavyoisha. Mgongo ukigusa chini umepigwa mweleka, inuka ujipanguse.

Oktoba 23, 1951, kwenye uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Brazil, sheria ilikuwa nyingine. Kuangushwa hakukuhesabiwa hata kidogo. Mshindi angepatikana kwa njia mbili tu: mmoja asalimu amri, au azimie.

Mmoja wa wawili waliopanda ulingoni siku ile ni Masahiko Kimura wa Japani. Jamaa alikuwa mfupi lakini wa miraba minne, kilo zaidi ya 80, shingo kama gogo. Mwenzake, Hélio Gracie, Mbrazili, hakufika hata kilo 70. Alikuwa amekakamaa mwili, ila akisimama karibu na Kimura alionekana kijana tu.

Kimura alizaliwa Septemba 10, 1917, Kumamoto, kusini mwa Japani, kwenye familia maskini. Baba yake alikuwa akichota kokoto mtoni, na mtoto akawa msaidizi wake, miguu majini. Baadaye mwenyewe aliamini nguvu za kiuno chake zilitoka kwenye kazi ile.

Judo ilimtoa nyumbani. Kocha mmoja mkali, Tatsukuma Ushijima, alimchukua akakaa naye Tokyo, akamsomesha Chuo Kikuu cha Takushoku. Akiwa na miaka 18 alikuwa tayari na dani ya 5.

Hata hivyo mwaka 1935 alishindwa mara nne, akafikiria kuacha kabisa. Aliporudi, alirudi mtu mwingine. Mazoezi saa 9 kwa siku. Watu wakiisha kulala, yeye alitoka nje kwenda kwenye mti, akawa anaufyeka kwa mguu kana kwamba ni mpinzani. Matokeo yake ni ubingwa wa Japani nzima mara tatu mfululizo, 1937, 1938 na 1939, kisha mwaka 1940 akashinda mashindano yaliyofanyika mbele ya mfalme wa nchi hiyo.

Halafu ikaja vita. Aliingia jeshini mwaka 1942, na ilipoisha alirudi kwenye nchi iliyoshindwa. Wamarekani waliotawala Japani walipiga marufuku judo mashuleni. Bingwa akakosa hata pa kupatia riziki.

Kilichomsukuma zaidi ni ugonjwa nyumbani. Mke wake alipata kifua kikuu. Dawa ya streptomycin ilikuwapo, lakini bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Kimura akaachana na judo ya heshima, ile isiyolipwa, akajiunga na wanaopigana kwa pesa. Alipita Hawaii, akafika Brazil. Wakuu wa judo kule Tokyo hawakulipenda jambo hilo, na tutaona walivyolilipa.

Kule Brazil familia ya Gracie ilikuwa na mchezo wake. Kaka mkubwa, Carlos, alijifunza kwa Mjapani aliyehamia huko, Mitsuyo Maeda. Hélio, mdogo wake, ndiye aliyeutumia kupigana na watu wazito kuliko yeye: ukimzidi nguvu akiwa amesimama, subiri mfike chini. Kabla ya Kimura alipambana na Mjapani mwenzake, Kato. Mara ya kwanza walitoka sare, mara ya pili Hélio akampiga roba hadi akazimia. Sasa ilikuwa zamu ya mkubwa wao.

Kwa hesabu ya Kimura mwenyewe, watu wapatao 20,000 walikuja. Alisimulia pia kwamba mashabiki walileta jeneza, ati lake, akabaki anacheka.

Raundi ya kwanza ya dakika 10 alimtupa Hélio huku na huku. Alitarajia mtupo mmoja utamzimisha, ila mkeka ulikuwa laini mno. Miaka mingi baadaye Hélio alikiri kwamba kuna wakati alikabwa akapoteza fahamu, na aliokoka kwa sababu Kimura hakujua, akaachia ili ajaribu kingine.

Raundi ya pili haikufika mbali. Kimura alimtupa tena, akamlalia, akaukamata mkono wa kushoto na kuukunjia nyuma ya mgongo. Hapo mtu hugonga mkeka kuomba basi. Hélio hakugonga. Kimura akaongeza nguvu, mfupa ukavunjika. Bado hakugonga. Akaongeza tena. Uwanja ulikuwa kimya. Carlos ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akarusha taulo.

Ulikuwa ukaidi, na kwa mtu anayehitaji mkono wake kesho yake, haukuwa na faida yoyote. Lakini Kimura alimheshimu kwa hilo hadi uzeeni. Nao Wabrazili wakafanya jambo la ajabu: mbinu iliyomvunja mtu wao wakaipa jina la aliyewavunja. Ndiyo maana leo kijana wa Newala akifungua video za UFC kwenye simu, atamsikia mtangazaji akitaja kimura.

Nyumbani Japani hadithi ilikuwa nyingine, na chungu. Desemba 22, 1954 Kimura alipambana na Rikidozan, nyota wa mieleka ya maonyesho, ile ya kupangwa, wakati televisheni ndiyo kwanza inaingia nchini. Kwa maelezo ya Kimura, walikubaliana watoke sare. Katikati ya mchezo Rikidozan akaanza kupiga kweli, akampiga hadi akaanguka hajitambui, nchi nzima ikitazama. Mtu aliyeshinda mapambano ya kweli miaka yote ile, kwa wengi akabaki ni yule aliyepigwa na Rikidozan. Mwaka 1963 Rikidozan alichomwa kisu kwenye klabu ya usiku Tokyo, akafa wiki moja baadaye.

Kimura alirudi Takushoku kufundisha. Mmoja wa aliowanoa, Mkanada Doug Rogers, alipata medali ya fedha ya judo kwenye Olimpiki ya 1964. Mwalimu wake hakuongezewa daraja. Alikufa kwa saratani ya mapafu Aprili 18, 1993, akiwa na miaka 75, akiwa bado na dani yake ya 7.

Agosti 2000, Mjapani Kazushi Sakuraba aliunasa mkono wa Renzo Gracie kwa kimura. Kiwiko kikateguka. Renzo, mjukuu wa yule Carlos aliyerusha taulo, hakugonga mkeka.